Kazi ya kusimamia wafanyakazi si ya kukalia kiti

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakutuachia neno lolote kuhusu msomi anayeulizwa swali la wazi kisha akatoa jibu la kijinga. Mkasa huo ulinifika likizo iliyopita nyumbani kwetu Magunga, chini ya vilima vya Gwassi, nilipoalikwa na shule moja ya sekondari nizungumze na wanafunzi kuhusu masomo na kazi za baadaye. Nilikwisha kusema yangu juu ya isimu, tafsiri na ualimu, nikawa nakunja karatasi zangu, ndipo msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasimama. "Mwalimu," akasema, "mimi nataka kusomea HR. Hiyo ni kazi gani hasa, na mtu anahitaji nini ili aipate?"

Nikamjibu kwamba ni kazi ya ofisini, ya kuajiri watu na kuwafuta, na kwamba anahitaji shahada ya biashara. Wenzake wakacheka waliposikia habari ya kufuta, naye akaketi. Kengele ikalia, tukaenda kunywa chai.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Jibu langu lilikuwa na makosa yasiyopungua matatu katika sentensi moja, na mimi ni mtu ambaye hulipwa mshahara kwa kusahihisha sentensi za watu. Makala haya basi ni masahihisho. Nayaandika kwa ajili ya msichana yule, na kwa ajili ya walimu wanaoulizwa swali lilo hilo kila muhula, ambao aghalabu hulijibu kama nilivyolijibu mimi.

Tuanze na jina, maana huko ndiko nyumbani kwangu. Siku hizi tunasema "usimamizi wa rasilimali watu". Rasilimali ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Kwa hiyo tusemapo rasilimali watu tunadai kwamba watu ni mtaji. Baadhi ya wenzangu hulichukia jina hilo, wakisema linamweka binadamu kundi moja na mbao na petroli. Chuki yangu haifiki huko, ila naona kwamba jina linaficha jambo moja: mtaji hausemi. Gunia la mahindi haliulizi kwa nini limehamishwa ghala. Mfanyakazi huuliza. Majirani zetu wa Tanzania humwita mtu wa ofisi hii afisa utumishi, wakachagua mzizi wa kutumika; nasi wa Gwassi tunaozungumza Dholuo tuna neno jatich, ambalo humtaja mfanyakazi na mtumishi kwa pumzi moja. Majina yote haya yana upungufu wake. Hata hivyo, yule anayetajwa katika kila mojawapo ana masikio na ulimi, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia.

Nieleze nilivyolijua hilo kabla ya kulisoma kitabuni. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili. Baba yangu mdogo alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni mbali na kwetu, na alikuwa amekaa katika jikoni lile miaka 11. Siku moja, katikati ya muhula, alirudi nyumbani na godoro lake, sufuria mbili na bahasha. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuamini kwamba kijana wa kidato cha pili amekwisha kukimaliza Kiingereza chote, akanikabidhi niisome mbele ya jamaa. Ilikuwa na aya mbili tu. Katika aya ya kwanza palikuwa na neno nisilolijua, nikakimbilia kamusi yangu ndogo ambayo jalada lake lilikuwa limekwisha kung'oka. Kamusi ikaniarifu kwamba maana yake ni kitu cha ziada, kisichohitajika. Nikafasiri kama nilivyosoma: "Baba mdogo, wanasema umezidi."

Bibi yangu, aliyekuwa miongoni mwa wazee wa mwisho nyumbani kwetu kuzungumza Kisuba pasipo kuchanganya, aliuliza mwanawe amezidi nini. Baba akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, nami sikuelewa yote. Baba mdogo hakusema kitu. Aliitia barua mfukoni, na kwa miaka mingi baadaye, akiwa na kikombe cha chai mkononi, alijitambulisha kwa wageni kwamba yeye ni yule mtu aliyezidi. Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Nilipokuja kuisoma Sheria ya Uajiri ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, nilikutana tena na neno lile katika kifungu cha 40. Kumbe si tusi, wala si sifa ya mtu. Ni istilahi ya kisheria inayotaja hali ya nafasi ya kazi kuondoka bila kosa la anayeishikilia. Sheria hii ya sasa imeifunga istilahi hiyo kwa masharti: ilani ya angalau mwezi mmoja itolewe na afisa wa leba ajulishwe, wanaoondoka wateuliwe kwa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao, siku za likizo ambazo hazijachukuliwa zilipwe, na kila mwaka uliokamilika ulipiwe mshahara wa siku zisizopungua 15. Mtu wa miaka 11 angekuwa na siku 165 za kudai. Kosa la kufasiri lilikuwa langu, nami nilikuwa mtoto. Aliyeiandika barua alikuwa mtu mzima, na hakuona haja ya kumwita mpishi wake, kumketisha na kumweleza. Laiti shule ile ingekuwa na mtu aliyesomea kusimamia wafanyakazi, nisingekuwa mimi mkalimani wa balaa lile.

Ndiyo maana nasema kwamba afisa wa wafanyakazi ni mkalimani kabla hajawa kitu kingine. Usidhani nasema hivyo kwa kuivutia isimu upande wangu. Sheria yenyewe imesema. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kinaongeza kwamba ikiwa mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha iliyoandikiwa mkataba, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinakwenda mbali zaidi. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa utendaji duni au kwa kutojiweza kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu katika lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha wasikilizwe wote wawili. Na kifungu cha 5, kinachokataza ubaguzi kazini, kimeiorodhesha lugha pamoja na rangi, jinsia na dini.

Msomaji atazame vyema maneno hayo. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya uajiri haikuishia hapo. Haikusema "kwa lugha rasmi". Imesema kwa lugha anayoielewa mfanyakazi. Bibi yangu, lau angaliajiriwa siku hizi kupepeta mahindi katika ghala la mtu, angalikuwa na haki ya kuelezwa kwa Kisuba. Kisuba ni lugha ya Kibantu ambayo wengi wa wasemaji wake, hapa Gwassi, Kaksingri na Rusinga, wameiacha na kuhamia Dholuo iliyo ya Kiniloti. Franz Rottland na marehemu Duncan Okoth Okombo waliandika juu ya uhamaji huo mwaka 1992. Sisi wanaisimu tumeyaandika hayo tukiwaandikia wanaisimu wenzetu. Haikutupitikia kwamba kuna mtu ofisini ambaye kesho asubuhi atatakiwa na sheria kuyatumia.

Walimu wakuu wanisikilize hapa, kwa maana jambo hili ni lao zaidi kuliko wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, Bodi ya Usimamizi ya shule ndiyo inayoajiri na kulipa wafanyakazi wasio walimu: wapishi, walinzi, makarani, madereva. Katibu wa bodi ni mwalimu mkuu. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Jiografia aliyepandishwa cheo Januari amekuwa, kufikia Februari, msimamizi wa wafanyakazi 15 bila kusomeshwa hata kipindi kimoja cha somo hilo. Mlinzi akikutwa amelala, hupewa barua jioni na kuambiwa asirudi asubuhi. Alalapo mlinzi ni kosa, sikatai. Lakini mahakama haitauliza tu kama alilala. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu, na kifungu cha 41 kinauliza kama mlinzi aliitwa, akaelezwa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenziwe, akajitetea. Ikiwa hapana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika karo ya watoto wa wavuvi.

Ajabu ni kwamba walimu hao hao, wao wenyewe wakiandikiwa na Tume ya Huduma za Walimu barua ya kutakiwa wajieleze, huzijua haki zao herufi kwa herufi. Watadai wasikilizwe, watadai mashahidi, watapiga simu kwa chama. Na ni sawa kabisa. Basi na mpishi je?

Sasa nirudi kwa msichana wangu na sehemu ya pili ya swali lake. Nilimwambia anahitaji shahada ya biashara. Jibu sahihi lina marefu na mapana.

Tangu 2012 kazi hii nchini Kenya si ya kila ajaye. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, ikaitambua taasisi yao, ifahamikayo kwa herufi IHRM, ikaanzisha usajili, leseni ya kila mwaka na bodi ya mitihani. Mtihani wenyewe huitwa CHRP. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kujitangaza kuwa mtaalamu wa fani hii bila kusajiliwa na bila leseni ni kosa, kama ilivyo kwa wakili au mhasibu. Si waajiri wote wanaolifuata jambo hilo, hasa wale wadogo, lakini tazama tangazo lolote la serikali ya kaunti au la shirika la umma: utaona kwamba uanachama hai wa taasisi hiyo umewekwa miongoni mwa masharti. Kwa hiyo shahada ni mlango wa nje tu. Ndani kuna mlango mwingine, na wengi wamekaa barazani wakiwa na vyeti vyao kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Shahada gani? Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Naam, kuna shahada za usimamizi wa rasilimali watu, na kuna shahada ya biashara ambayo mwanafunzi huchagua tawi hilo miaka ya mwisho. Ila utumishi wa umma, kwa miaka mingi, umewapokea pia waliosoma sayansi za jamii, kama vile sosholojia na utawala, mradi waongezee stashahada ya usimamizi wa rasilimali watu. Wapo maafisa hodari walioanza kwa historia na fasihi. Mwanafunzi anayetaka kuingia chuoni kwa mkondo wa biashara ajue kwamba anahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na kwamba Hisabati haikwepeki. Jambo ambalo walimu wetu husahau kulitaja ni kwamba katika kukokotoa alama za mkondo huo, Kiswahili na Kiingereza husimama sako kwa bako. Huhesabiwa lile ambalo mwanafunzi amelifanya vizuri zaidi. Nimewahi kuona mtoto mwenye A ya Kiswahili akiambiwa na mwalimu wake kwamba alama hiyo "haimpeleki popote". Aliyepata C- anaweza kuanzia stashahada kisha akapanda ngazi. Safari hiyo ni ndefu zaidi, lakini hufika.

Wale wa mtaala mpya, walioingia gredi ya kumi Januari 2026, swali hili limewajia mapema kuliko lilivyotujia sisi, maana wamekwisha kuchagua njia ya masomo. Sayansi za jamii, ambazo lugha zimo ndani yake, zinaelekea huku vizuri kabisa. Mzazi asimlilie mwanawe kana kwamba amefiwa kwa kuwa hakuchagua sayansi na hisabati.

Wala si lazima mtu aende Nairobi. Enzi za ujana wangu, mtoto wa Gwassi aliyetaka chuo kikuu alihesabu Maseno kuwa ndiyo karibu. Leo kuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay. Kuna vile vile vyuo vya ufundi vya umma vinavyofundisha stashahada. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwanafunzi aulize mambo mawili: je, chuo hiki kimesajiliwa, na je, cheti chake kitanifikisha kwenye mtihani wa bodi? Chumba juu ya duka la simu, chenye bendera ya "HR kwa wiki sita", kijibu maswali hayo mawili kwanza.

Na ndani ya hiyo kazi kuna nini? Nilisema kuajiri na kufuta. Hizo ni siku mbili katika maisha ya mfanyakazi. Baina yake kuna miaka. Kuna orodha ya mishahara, ambayo leo hubeba kodi ya mapato, malipo ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambayo mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Afisa akikosea nukta, watu mia hulala na njaa au mwajiri hutozwa faini. Kuna likizo, ambayo kwa sheria haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka. Kuna miezi mitatu ya uzazi na majuma mawili ya baba. Kuna mafunzo, kuna usalama kazini na fidia ya aliyeumia, kuna mashauriano na vyama. Sitazidi kuorodhesha, isije makala ikageuka silabasi.

La vyama, hata hivyo, haliwezi kupitwa na mtu wa pwani hii ya ziwa. Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, hapo tu ng'ambo ya kwetu, alizaliwa 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Akasomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, na huko akaanza kuwaunganisha wafanyakazi. Mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda Ruskin College, Oxford, kusomea mahusiano ya viwandani. Oktoba 1962, akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na wafanyakazi walitia saini mkataba wa mahusiano ya viwandani ambao kizazi kizima cha maafisa wa wafanyakazi kililelewa nao. Vijana wetu humjua Mboya kwa ndege alizopeleka wanafunzi Marekani na kwa risasi ya Julai 1969. Hawamjui kama mtu aliyeijua meza hii pande zake zote. Na katika viwanja vile vile vya Jeanes School ndipo ilipowekwa, mwaka 1961, taasisi ya kufundisha watawala wa Kenya, ambayo leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Afisa wa umma anayetaka kupanda cheo bado hupelekwa Kabete kwa kozi ya usimamizi ya majuma manne.

Nafasi za kazi ziko wapi? Kwa mtazamo wa Magunga, zipo karibu na mbali. Tangu 2013 kaunti ndiyo mwajiri mkubwa wa pande zetu, na kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma. Zipo hospitali, vyama vya akiba na mikopo, mashirika yasiyo ya serikali, viwanda vya chai vya Kisii na Kericho. Upande wa Migori, kiwanda cha sukari cha SONY pale Awendo, kilichoanza kusaga miwa 1979, kilikodishwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 2025. Ukodishaji wa namna hiyo, popote uwapo, huwa mtihani mkubwa wa afisa wa wafanyakazi: nani anabaki, nani anakwenda, nani anadai malimbikizo ya miaka mingapi, na faili lake li wapi. Faili likipotea, miaka ya mtu imepotea.

Tena zipo kampuni zinazopeleka vijana wetu kufanya kazi Saudia na Qatar, ambazo hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Binti huwekewa mezani mkataba wa Kiarabu na Kiingereza, akaambiwa aweke sahihi haraka kwa kuwa gari la uwanja wa ndege linangoja. Nani atamsomea? Hiyo pia ni kazi ya mtu huyu tunayemzungumzia, endapo ni mtaalamu kweli na si dalali aliyevaa tai.

Nisiwadanganye. Waliohitimu fani hii ni wengi kuliko viti. Kila chuo kinaifundisha kwa sababu ni rahisi kuifundisha: haidai maabara. Msichana wa Magunga atakapohitimu atakuta foleni, na wa mbele yake watakuwa na vyeti kama chake. Atakachowazidi nacho ni kile ambacho hakuna chuo kilichompa: lugha tatu alizokuja nazo kutoka nyumbani na shuleni, ikiwa atazinoa. Ninaposema kuzinoa sina maana ya kuzizungumza sokoni. Nina maana ya kuweza kuketi na mvuvi wa Nyandiwa aliyeajiriwa kiwandani, kumweleza tofauti ya kuachishwa kazi na kusimamishwa kazi, na kuondoka akiwa ameelewa. Jaribu kuifanya tofauti hiyo kwa Dholuo pasipo kuchomeka Kiingereza, uone jasho litakavyokutoka. Mimi nimejaribu.

Na hapa nailaumu idara yangu na zote zilizo kama hiyo. Fani ya rasilimali watu hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na sisi wa idara za lugha hatujawahi kuvuka ua kuwauliza wenzetu kama wangependa somo moja la ufafanuzi wa mikataba kwa Kiswahili. Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, wenzetu wamekwisha kuzoea kuzungumza juu ya mwajiri na mwajiriwa, usuluhishi na uamuzi, bila kigugumizi. Sisi tuna kifungu cha 41 kinachodai lugha, na hatuna hata faharasa ya kurasa kumi ya kumsaidia afisa anayetaka kukitii.

Limebaki jambo ambalo huwa halisemwi katika vikao vya kuwashauri vijana. Afisa wa wafanyakazi katika mji mdogo huwa na ukoo. Siku tangazo la kazi litakapobandikwa, mjomba atafika na jogoo. Shangazi atakumbusha nani alimlipia karo ya kidato cha kwanza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kaunti hiyo, na afisa ndiye atakayelazimika kuitamka asilimia hiyo mbele ya mjomba, jogoo akisikiliza. Kwa sisi tuliozaliwa Gwassi, tusemao Dholuo na ilhali bibi zetu walikuwa wa Kisuba, hesabu ya nani ni wa jamii kubwa na nani si wa jamii hiyo ina utata wake, lakini hiyo ni makala nyingine. Nilikutana na mhitimu mmoja aliyeacha kazi hii baada ya miaka miwili. Sikumlaumu. Aliniambia kwamba barua za kukataa maombi alizoziandika kwa wageni hazikumsumbua kamwe. Zilizomshinda ni zile alizolazimika kuzipeleka kwa mkono, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Nimempigia simu mwalimu wa msichana yule. Jina lake sikulijua, nikamweleza alipokuwa ameketi, akamtambua mara moja. Nimemwomba ampe nakala ya kifungu cha 41, aya zake mbili tu, aifasiri kwa Kiswahili na halafu kwa Dholuo kabla ya muhula kwisha. Akimaliza anitumie nimsahihishie. Kuna neno moja katika aya ya kwanza ambalo najua atakwama, kwa kuwa nami nimeshalirudia mara nne na bado sijaridhika.